Dada, Usikubali Fomati

Hapa Kitengela, ukipeleka kompyuta iliyogoma kwa fundi, dawa ni moja. Haijalishi imegoma kwa nini. Labda imemwagikiwa chai, labda imezeeka, labda ni waya tu umelegea. Fundi ataiwasha, ataikodolea macho kidogo, halafu atasema, "Hii tupige fomati." Maana yake ni kwamba atafuta kila kitu kilichomo, aweke mfumo mpya, akurudishie mashine tupu kama nyumba ya kupanga iliyopakwa rangi kabla mpangaji mwingine hajaingia. Watu hukubali. Hulipa na kusema asante. Mimi neno hilo nimelichukia kwa miaka mingi, na kuna siku nililikataa mbele ya watu, kwa sauti ya juu, katika duka la dada yangu.

Nilikuwa nimefikia kwake. Kwetu husema hivyo kunihusu, kwamba nimefikia, kwa sababu sikai. Nimeishi Tuala, nimeishi Namanga, nimepanga chumba Laiser Hill nikakihama kabla sijajua jirani anaitwa nani. Loitokitok nilikaa muda mrefu zaidi, na mpaka leo nikinusa kitunguu kibichi huwa nasimama. Wazazi wetu walitoka Kiambu wakanunua ploti huku wakati swala walikuwa wengi kuliko watu, na ukoo wote umetulia kwenye ploti hizo isipokuwa mimi. Kila nikirudi, wananikalisha chini na kunipa ushauri ule ule: anza upya. Tafuta kaploti, fungua kibanda, anza upya. Kana kwamba yote niliyoyaona njiani ni takataka za kufagiwa. Mimi sijawahi kuanza upya. Naendelea tu, na vitu vyangu vyote mgongoni, vilivyovunjika na vizima.

Dada yangu mkubwa anatengeneza vijitabu vya mazishi. Ni kazi nzuri na huku haikosi wateja. Familia zinamletea picha na historia ya marehemu, yeye anazipanga kwa kurasa, anaweka nyimbo na utaratibu wa ibada, anachapisha, anapiga pini. Amewapanga Wakikuyu, Wakamba, Wamaasai, na kila jina ambalo kompyuta haikulijua na kulipigia mstari mwekundu, alilifundisha, moja baada ya jingine, kwa miaka. Mashine yake ilikuwa inajua majina ya watu wa Kajiado kuliko chifu.

Asubuhi hiyo nilikwenda dukani kumpelekea mandazi. Nikamkuta amesimama mbele ya laptopu, mikono kiunoni. Kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, koti limefungwa vifungo vyote, kofia juu ya goti.

"Imekataa," dada akaniambia bila salamu. "Inafika hapo kwa vidoti vinavyozunguka, inakaa, halafu inakuwa nyeusi."

"Tangu lini?"

"Jana niliizima vizuri. Fundi alikuwa amepita akanisafishia kidogo. Leo imekataa."

Nikamtazama yule mwanamume. Dada akanieleza kwa sauti ya chini, ingawa duka ni dogo na hakuna cha kufichwa humo. Alikuwa mkulima kutoka Loitokitok, Mkamba, na alikuwa amefiwa na mke wake. Mwili ulikuwa mochari hapa mjini. Jamaa zake wangeuchukua saa tisa, waelekee nyumbani, na mazishi ni kesho yake asubuhi. Vijitabu vilipaswa kwenda na gari hilo.

"Mchapie mahali pengine," nikasema.

"Maneno yako humo ndani." Akaigonga laptopu kwa kidole. "Jana alikaa hapo na mimi mchana mzima. Hakuja na karatasi. Alikuwa anaongea, mimi naandika moja kwa moja kwa ukurasa."

Yule mwanamume alisikia. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kofia yake, "Hayo maneno yalitoka mara moja, mama. Nikiambiwa niyatoe tena, sina."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekwambia kisima kimekauka.

Fundi akaingia wakati huo, kwa maana dada alikuwa amempigia simu. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye begi la mgongoni lililojaa nyaya. Wateja wake wengi ni Wamaasai, kwa hiyo husalimia kila mtu mzima kwa Kimaasai.

"Sopa, mzee?"

"Ipa," mkulima akajibu.

"Pole sana kwa msiba." Kisha akaikalia kompyuta, akaiwasha, akavitazama vidoti vikizunguka na kufa, akapumua. "Madam, hii iko na virusi. Tupige fomati. Saa sita iko tayari."

"Hatupigi," nikasema.

Akageuka. "Na huyu ni nani?"

"Ni dada yangu mdogo," dada akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi mapema. "Alikuwa Loitokitok."

"Loitokitok kuna kompyuta?" Fundi akacheka. "Auntie, mimi hii kazi nimesomea."

"Basi niambie, ukishapiga fomati, kazi ya huyu baba inakuwa wapi?"

"Hiyo si shida. Natoa faili kwa fleshi kwanza, halafu nafuta."

"Na ukishaiweka kwa fleshi utaifungua na nini?"

Dada akatikisa kichwa, maana alijua jibu. Programu anayotumia kupanga kurasa ni ya zamani. Aliwekewa na mtu aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi na hajarudi, diski yake ilipotea walipohama duka, na hakuna mtu mwingine mjini aliye nayo. Ukifuta mashine, programu inakwenda. Faili ingebaki kwenye fleshi kama sanduku lisilo na ufunguo.

"Kuna mpya," fundi akasema.

"Mpya inafungua faili za hii?"

"Sijui. Labda." Alikuwa mtu mkweli, hilo nampa. "Lakini hiyo kuikarabati bila kufuta ni stori ya jaba, maneno ya watafuna miraa, auntie. Utazunguka hapo hadi jioni."

"Basi nizunguke."

Nilivuta stuli. Sikuwa na uhakika wa kitu chochote, ila hasira. Lakini hasira yangu ina historia. Kule Loitokitok nilifanya kazi kwenye chumba cha kuchapa barua, mlima ukiwa mlangoni asubuhi na umejificha mchana. Mtandao ulikuwa unakuja kama mvua ya Kajiado, yaani unausikia kwa wengine. Mashine ikiugua hungeweza kupakua dawa kutoka popote, na fundi alikuwa Emali. Kwa hiyo tulijifunza kutafuta dawa ndani ya mgonjwa mwenyewe. Kila kompyuta inatoka kiwandani na vifaa vyake vya kujitibu, vimefichwa nyuma nyuma, na watu wengi huzizika mashine zao bila kujua vimo. Nilijifunza kwa kubonyeza, kwa kuharibu, kwa kuharibu tena. Chumba kile kilifungwa na sasa nasikia kinauza mbolea. Nikikikumbuka, huwa natamani kurudi. Lakini hakipo tena, na ninachoweza kufanya ni kutumia nilichotoka nacho.

Kwanza nikachomoa kila kitu: printa, kipanya, fleshi iliyokuwa imesahauliwa ubavuni. Wakati mwingine mashine inagoma kwa sababu ya mgeni tu. Nikawasha. Vidoti, kisha giza.

Nikaizima kwa nguvu, kidole kwenye kitufe hadi ikakata roho, nikawasha, nikaikata tena ikiwa njiani. Dada akashika kifua.

"Unaiua!"

"Naisumbua. Ukiikatiza katiza hivi inapoamka, yenyewe inajua kuna shida, inakuletea ukurasa wa matibabu."

Na ikaleta. Skrini ikawa ya samawati, ikatoa machaguo. Nikachagua ijirekebishe mwanzo wake yenyewe. Ikafikiri, ikafikiri zaidi, ikasema imeshindwa. Fundi akakohoa kidogo. Nikachagua irudi nyuma kwenye hali yake ya siku zilizopita, ilipokuwa nzima. Ikasema haina kumbukumbu ya siku zilizopita. Mtu alikuwa amezima hiyo kumbukumbu.

"Nani alizima?" nikauliza.

"Inakula nafasi," fundi akasema, akijifanya anapanga nyaya zake.

Mkulima alikuwa ameacha kutazama kofia. Alikuwa anatazama migongo yetu. Nje, mwanamke wa maziwa alipita akipiga hodi, dada akamwambia si leo.

Kulikuwa na mlango mmoja zaidi. Unapitia machaguo ya ndani, unaiambia iwake upya, halafu kwenye orodha inayokuja unabonyeza nambari ya sefu modi. Hapo mashine inaamka na vitu vya lazima tu, kama mtu aliyetoka nje na shuka kwa sababu nyumba inaungua. Nilibonyeza. Vidoti vikazunguka. Sote wanne tukainama. Kisha picha ikaja, kubwa, ya kijinga, maandishi manene, pembe zote nyeusi zimeandikwa kwamba hapa ni salama.

"Iko hai!" dada akapiga makofi. Akaingia haraka kwenye folda zake. Faili ya mkulima ilikuwepo. Akaibonyeza. Programu ikakataa kufunguka, ikasema kuna kitu inachokitegemea ambacho hakijaamka.

"Sasa?" mkulima akauliza.

"Sasa tunajua mashine si mgonjwa," nikamwambia. "Kama inaamka ikiwa peke yake, basi kuna kitu kinachoamka pamoja nayo ndicho kinachoikaba."

Nikafungua kile kidirisha cha kuandika amri, nikaandika lile neno fupi ninalolijua kama jina langu, na chombo cha kupanga mfumo kikatokea. Humo kuna orodha ya kila kitu kinachojiwasha. Nikaweka alama ya kuficha huduma za mfumo wenyewe, maana ukizizima hizo umekwisha, kisha nikazima zote zilizobaki. Zote, bila huruma. Halafu nikaenda kwenye orodha ya vinavyofunguka vyenyewe. Hapo nikakuta wimbo.

"Dada, mbona kuna wimbo wa tenzi unajifungua?"

"Huo usiguse. Hiyo ndiyo ibada ya duka. Nikiwasha, wimbo unaimba, naomba, naanza kazi. Mashine yangu haifunguki bila wimbo."

"Leo itafunguka kimya."

"Wewe! Umezima na wimbo? Ndiyo maana huwa hukai mahali."

Fundi akaangua kicheko, na hata mkulima akajikuta ametabasamu. Nikawasha upya, kawaida.

Ikaamka. Polepole, lakini ikaamka, na picha ya wajukuu wa dada ikajaa skrini. Dada akaikimbilia faili, akabonyeza. Programu ikakataa tena, kwa maneno yale yale.

Fundi alisema kwa upole, na upole ndio ulioniudhi zaidi, "Auntie, umejaribu. Wacha tu nifute, huyu mzee tumwandikie kitu fupi. Alizaliwa, akaokoka, akaolewa, akalala. Watu wa mazishi huwa hawasomi."

"Mimi nitasoma," mkulima akasema.

Nikageukia skrini. "Kuna huduma nimeizima ambayo hiyo programu inaitaka," nikasema. "Na kuna nyingine nimeizima ambayo ndiyo mwizi. Zote ziko kwenye orodha moja. Ni kuzitenganisha."

"Ni nyingi hizo," fundi akasema.

"Nawasha nusu, nazima nusu. Ikiamka vizuri, mwizi yuko upande ule mwingine. Ikigoma, yuko upande huu. Halafu naigawa tena hiyo nusu."

Mkulima akasimama, akaja nyuma ya bega langu. Alikuwa na harufu ya udongo na sabuni. "Hiyo ni kama mfereji," akasema. "Maji yakipotea njiani, huwezi kuchimba mfereji upya. Unafunga malango ya upande mmoja, unaangalia kama maji yanafika. Halafu upande mwingine. Mpaka unapata nani anakunywa."

"Ndiyo hiyo, baba."

"Mke wangu alijua hiyo kazi," akasema. "Mimi nilikuwa nataka kuchimba upya. Yeye alikataa."

Tuliendelea hivyo. Nusu ya kwanza, ikaamka. Nusu ya pili, vidoti vikafa, na ilibidi turudi kwa sefu modi kwa njia ndefu. Dada akaleta chai. Fundi alikuwa na wateja wengine lakini hakwenda. Alivuta kreti ya soda akakaa, na kila nilipogawa orodha alikuwa anasoma majina kwa sauti, kwa sababu macho yangu si ya zamani. Hatimaye upande wa mwizi ukabaki mfupi. Tukamwona.

Hakuwa mmoja. Walikuwa watatu. Antivairasi tatu, kila moja imejiweka kuwa askari wa mlango, kila moja inaamka kabla ya kila kitu na kuanza kuwakagua askari wenzake. Hakuna hata moja iliyokuwa na kosa. Kosa lilikuwa wingi wao.

"Dada, hizi umezitoa wapi zote?"

Dada akakunja uso akikumbuka. "Hiyo moja niliwekewa na fundi wa Tuala, nilipokuwa na duka kule. Aliniambia ni chanjo. Hiyo nyingine ni ya yule wa pale stendi. Na hiyo..." Akamgeukia fundi.

"Ya kijani ni yangu," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Nilimwekea jana. Ilikuwa zawadi."

Hapo nikaelewa. Hiyo ndiyo desturi. Kila fundi akimaliza kazi huku kwetu huacha chanjo yake, bila malipo, kama vile mgeni anavyoacha sukari. Na dada yangu alilelewa na mama aliyetufundisha kwamba zawadi haikataliwi wala haiulizwi swali. Angewezaje kusema hapana, tayari iko? Alisema asante mara tatu, na asante hizo ndizo zilizoifunga mashine koo.

"Haukuangalia kama kuna nyingine?" nikamuuliza fundi.

"Sisi hatuangalii, auntie. Sisi tunaweka." Kisha akajicheka mwenyewe, akajipiga paji la uso.

Tukabakiza moja. Sitasema ipi, maana dada na fundi walibishania jambo hilo kuliko lilivyostahili. Mbili nilizifuta, huduma zote nyingine nikazirudisha, mpaka ile ambayo programu ya dada ilikuwa inaililia. Nikabonyeza kuwasha upya.

Watu watasema ni kompyuta tu. Mimi nasema hapana. Nimeona watu wakifutwa hivyo hivyo. Nimeona familia zikimzika mtu ambaye hawakumjua, mpole, mcha Mungu, asiye na neno na mtu, kwa sababu ni rahisi kuandika kila mtu kwa umbo moja kuliko kumtafuta alipo. Tunapenda kuanza na ukurasa mweupe. Mweupe hauna ugomvi. Lakini kuna mtu alikuwa hapo.

Dada akabonyeza faili. Ikafunguka.

Picha ilikuwa juu, mwanamke mnene aliyevaa buti za mpira, amesimama kati ya mistari ya vitunguu, jua limemfanya akunje uso. Chini yake, maneno. Mkulima hakuyasogelea. Alirudi kwenye benchi akaketi, akasema, "Nisomee."

Dada akasoma. Ana sauti nzuri ya kusoma, sauti ya kanisa. Akasoma jinsi walivyokutana kwenye foleni ya mbegu, jinsi alivyokataa kuolewa mpaka aone shamba kwa macho yake, jinsi alivyowapungia mkono madalali waondoke na lori tupu mwaka ambao bei ilikuwa matusi. Fundi alikuwa ameegemea mlango, begi mgongoni, hajaondoka bado. Kisha dada akafika mahali akasita. Jana, akiandika kwa haraka, labda hakuwa ameisikia sentensi hiyo vizuri.

"Baba," akasema, "hapa umesema, 'Aligombana na kila mtu kwa sababu ya maji, akagombana na mimi, akagombana na chifu, akagombana na mchungaji, na hakuomba msamaha hata siku moja kwa sababu alikuwa na haki.'"

"Ndiyo."

"Mchungaji atakuwa hapo kesho."

"Atakuwa."

"Huwa tunaweka kitu kama, 'alikuwa mpenda amani.' Naweza kubadilisha haraka. Muda bado uko." Kidole chake tayari kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na sikumlaumu. Ni kazi yake. Amezika watu wengi kwa amani.

Mkulima akasimama, akavaa kofia, ingawa alikuwa bado ndani ya nyumba. "Mama," akasema, "huyu dada yako amepigana asubuhi yote ili hayo maneno yasifutwe. Sasa wewe unataka kuyafuta kwa kidole? Aligombana. Andika aligombana. Na hiyo ya mchungaji iwe kwa herufi nzito."

Fundi akapiga mluzi. Dada akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha huyo mtu kiburi. Nikainua kikombe changu cha chai, ambacho kilikuwa kimepoa, nikanywa.

Dada akaondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta, akaiweka herufi nzito. Kisha akachomeka waya wa printa, akapakia karatasi, na mashine ikaanza kumtoa mwanamke yule ukurasa kwa ukurasa, na ugomvi wake wote.